Mkono wa Kushoto wa Digna Chuwa

Digna Chuwa aliujua muziki kwa miguu kabla ya kuujua kwa mikono. Mwaka 1973, Digna akiwa na miaka kumi na tatu, mwalimu wa kwaya wa kigango chao huko Kibosho, Mzee Primus, alikuwa amevimba magoti kiasi cha kushindwa kukanyaga kinanda. Kinanda chenyewe kilikuwa cha aina ile ya zamani: usipokanyaga hakipati pumzi, na kisipopata pumzi hakitoi sauti. Mzee akatafuta mtoto mwenye miguu imara, asiyechoka katikati ya wimbo wa Utukufu. Akampata Digna, ambaye kila siku alipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Basi wakawa wanakaa benchi moja, mzee akipiga, msichana akikanyaga.

Digna alikaa upande wa kushoto. Mikono yake haikuwa na kazi, kwa hiyo akawa anatazama. Baada ya mwaka mmoja alijua kila kidole cha mzee kinakwenda wapi kabla hakijaenda. Jumapili moja Mzee Primus alishikwa na kikohozi katikati ya wimbo wa matoleo, akatoa mkono wa kushoto kuziba mdomo. Digna akaweka wake palepale, bila kuulizwa, na wimbo haukukatika. Mzee alipomaliza kukohoa alimtazama, kisha akauweka mkono wake mapajani na kuuacha huko. Tangu siku hiyo sauti nene zikawa za Digna. Alimpigia mzee besi kwa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kugusa upande wa kulia.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipousikia muziki mwingine. Baba yake alikuwa na redio ya betri iliyokaa dirishani, na Jumamosi alasiri ilikamata idhaa moja ya ng'ambo. Digna alikuwa nje akigeuza kahawa iliyoanikwa. Akasikia piano peke yake, na mwanamume anaimba kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, hakuelewa hata moja. Alichoelewa ni mkono wa kushoto. Ulikuwa ukitembea, hatua kwa hatua, kama mtu anayeijua njia. Na wa kulia ulikuwa ukifika baada ya kungojwa kidogo. Aliacha kahawa ikiwa nusu imegeuzwa, akasimama chini ya dirisha mpaka mtangazaji alipoingilia.

Kesho yake alimuuliza Mzee Primus ule ni muziki gani. Mzee alimwambia unaitwa blues, ni muziki wa Weusi wa Amerika waliolima mashamba ya wengine, na kwamba haufai kanisani. Digna alikuwa ameuliza ni muziki gani tu, akachukua jibu la hilo tu.

Darasa la saba alimaliza vizuri, ila nafasi za sekondari zilikuwa chache na hakuchaguliwa. Masista walimfundisha ushonaji. Akashuka mjini Moshi, akapata kibaraza karibu na soko, akaweka cherehani ya kukanyaga. Mwaka 1983 aliolewa na Kastori, fundi mwashi mpole aliyependa kupiga mluzi akijenga, wakapata watoto wawili. Kila Jumamosi Digna alipanda Kibosho kwa mazoezi ya kwaya, kwa sababu Mzee Primus alipofariki kinanda kilibaki mikononi mwake.

Kastori alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi mwaka 1994. Hakuishi siku mbili. Kwenye Misa ya mazishi kwaya ilitaka kuimba bila kinanda, maana hapakuwa na mpigaji mwingine na mpigaji aliyekuwepo ndiye mjane. Digna alisema atapiga. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ngazi za kanisa zilikuwa zinateleza. Kutoka alipokaa, mlangoni kukiwa wazi, aliwaona wanaume sita wakilishusha jeneza ngazi moja baada ya nyingine. Akaupunguza wimbo. Akawa anaweka kila sauti pale mguu unapotua, na mguu ukichelewa, sauti inachelewa. Kwaya ilibabaika, halafu ikamfuata. Baadaye wengine walisema hawajawahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa vile, na wengine walisema amechanganyikiwa kwa uchungu, ameukosea.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kuhusu siku ile. Alisema ndipo alipomwelewa yule mwimbaji wa redioni.

"Nilikuwa nadhani anachelewa," aliniambia. "Kumbe yeye anamsubiri mtu."

Mimi naitwa Denis. Ni mwalimu wa sekondari huko Old Moshi, na nimepiga gitaa na Digna kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Niliingia katika habari hii Agosti 1998, kwenye arusi ya dada yangu Hilda. Sherehe ilikuwa mchana, katika Ukumbi wa Mkulima, jengo refu la mabati lililokuwa upande wa stesheni ya reli. Wakati huo nilikuwa kwenye bendi ya kupiga arusini. Digna alikuwa mgeni tu, mshonaji aliyeshona magauni ya wasimamizi, na alikuwa amekaa meza ya nyuma akila ndizi.

Saa kumi umeme ukakatika. Gitaa langu likafa katikati ya wimbo, kinanda cha umeme kikafa, maikrofoni ikafa. Jenereta la ukumbi lilivutwa kamba mpaka kamba ikakatika. Mshereheshaji alijitahidi kwa mdomo mtupu mpaka vichekesho vikamwishia. Watu mia tatu wakabaki wanatazamana, na bibi arusi akaanza kuinamisha kichwa.

Kwenye kona ya ukumbi palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa nailoni, na juu yake kreti za soda. Wengi wetu tulidhani ni kabati. Ilikuwa piano, iliyoteremshwa kutoka shamba moja la walowezi zamani sana, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeipiga mara ya mwisho. Digna alinyanyuka, akanawa mikono, akaenda pale kona, akaanza kushusha kreti moja moja. Nilikwenda kumsaidia, nikidhani anatafuta soda.

Alikuwa hajawahi kugusa piano. Alikaa, akaweka miguu chini kutafuta pa kukanyaga, akabonyeza kitufe kimoja, na kikalia bila pumzi ya mtu. Aliniambia baadaye kwamba alishtuka. Lakini usoni hukuona kitu. Alianza kushoto kabisa akabonyeza kila kitufe hadi mwisho wa kulia, taratibu, watu wote wakimwangalia, ajue vipi vizima na vipi vimekufa. Kumi na moja vilikuwa vimekufa. Ndipo mkono wa kushoto ukaanza kutembea.

Alichopiga ni wimbo wa kumpokea bibi arusi ambao kila mtu wa Kibosho anaujua tangu utotoni. Lakini aliupiga kwa mwendo ambao hatukuujua, mzito chini, mlegevu juu, akiruka vitufe vilivyokufa kama mtu anayeruka madimbwi. Mahali penye pengo alipaacha pengo. Kwanza akina mama walisikiliza. Kisha mmoja akajibu kwa sauti, wakajibu wengine, wakasogeza meza. Mimi niligeuza kreti tupu nikawa naigonga. Tulikwenda hivyo kwa saa mbili. Umeme uliporudi, kiongozi wa bendi yetu alikwenda kuwasha vyombo, na dada yangu Hilda akamfuata akiwa ameshika shela mkononi.

"Zima," alimwambia. "Hatujamaliza."

Msimamizi wa ukumbi alikuwa Ebenezeri, mzee wa Kilutheri mwenye kofia ya sufu asiyeivua hata kanisani mpaka akumbushwe. Watu walipoanza kuondoka alimwendea Digna akamuuliza kama anaweza kuja Jumapili. Digna alisema ataweza baada ya Misa. Akaongeza kwamba soda zisiwekwe tena juu ya kitu kile, na Ebenezeri akakubali papo hapo.

Shida ilikuwa kuitengeneza. Moshi nzima hapakuwa na fundi wa piano. Alipatikana Shedrack, fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa kule chini, kijana wa Singida ambaye wazazi wake walihamia huku kufuata kazi. Hakuwahi kuona piano kwa ndani, ila alikuwa ameona mashine nyingi zilizochoka. Aliifungua kifua, akaitazama nusu saa, kisha akasema hii inaweza kupona. Spana ya kukazia nyaya aliichonga mwenyewe kwa tupa, kutokana na spana ya kawaida. Vinyundo vilivyoliwa na wadudu vilihitaji sufu ngumu. Ebenezeri aliivua kofia yake, akaitazama, akawapa.

Walifanya kazi hiyo wiki sita. Digna aliimba sauti anayoitaka, Shedrack akakaza waya mpaka ifanane, Digna akatikisa kichwa, Shedrack akakaza tena. Nyaya mbili zilikatika, na moja ilimchana Shedrack kidevuni. Kovu analo hadi leo na hulionyesha kwa fahari. Mwishowe vitufe vyote vilipona isipokuwa viwili. Digna alijifunza kuviruka, na hata leo, ukimpa piano nzima isiyo na kasoro, vidole vyake huviruka viwili hivyo.

Shedrack alipomaliza kutengeneza hakuondoka. Alikaa kwenye ngoma. Mimi niliiacha bendi ya arusi nikaja na gitaa. Tukawa watatu, kila Jumapili, saa tisa mpaka jua linapozama. Digna hakutaka zaidi ya hapo. Jumatatu ana nguo za watu.

Muziki wenyewe ulikuwa blues, kwa maana mkono wa kushoto ulizunguka njia ile ile aliyoisikia dirishani kwa baba yake. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili chenye Kichagga ndani yake, na sauti zilikuwa za mlimani. Aliimba juu ya kahawa iliyooza kwa mvua ya wakati mbaya. Aliimba juu ya mjane anayeambiwa na shemeji zake kwamba kihamba, shamba la ukoo, si chake. Shedrack alileta nyimbo ambazo mama yake aliziimba kwenye kambi za miwa, na Digna alizipokea kama mtu anavyopokea mgeni, akizipa kiti kizuri. Watu walianza kuja hasa kwa ajili yetu. Walikuja wakulima, wauguzi, makarani, walimu wenzangu. Walikunywa mbege yao, pombe ya ndizi, polepole na kusikiliza. Mimi nilikuwa nimepiga miaka sita arusini, na sikuwa nimewahi kusikilizwa.

Mwaka 2000 habari zilifika kigangoni. Halmashauri ya walei ilikaa, ikaona si vizuri mikono inayopiga Misa asubuhi ipige ukumbini alasiri, penye pombe. Digna aliitwa. Barua ilisomwa mbele yake na mzee mmoja wa halmashauri, ikimtaka achague. Walimpa wiki mbili za kufikiri. Yeye alijibu hapohapo.

"Nina mikono hii tu," alisema. "Sina mingine ya kubadilisha nikishuka mjini. Kama haifai huku, nitaketi na waumini wengine."

Alirudisha ufunguo wa kinanda akaenda kuketi. Hakukosa Misa hata Jumapili moja. Alikaa benchi la nyuma, na akina mama waliokuwa karibu naye wanasema kwa miezi mitatu mguu wake ulikuwa ukikanyaga sakafu wakati wa nyimbo. Iliuma, na hakujifanya kwamba haiumi. Lakini sikumsikia akijuta.

Aliyempa taabu zaidi ni mama yake. Bernadetha hakuwa na ugomvi na muziki. Ugomvi wake ulikuwa na ukumbi. Binti yake, mjane, mbele ya watu wanaokunywa! Kwa miaka mitatu hakuligusa neno hilo. Digna akienda nyumbani waliongea mambo ya migomba na wajukuu, na ukumbi ulikaa katikati yao kama kitu kilichofunikwa.

Halafu Jumapili moja ya 2001 Bernadetha aliingia ukumbini peke yake. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba. Tulikuwa katikati ya wimbo, na wimbo wenyewe, kwa bahati, ulitokana na ule aliokuwa akiuimba yeye akirudi na majani ya ng'ombe, Digna akiwa mtoto nyuma yake. Digna alimwona. Mkono wake haukutetereka. Bernadetha alipewa kiti, akakaa wima, mkoba mapajani, akasikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Tulipomaliza alimwita binti yake kwa kidole. Digna alikwenda, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ule wimbo wangu umeukosea."

"Wapi, mama?"

"Pale unaposhuka. Mtu mwenye mzigo wa majani hashuki hivyo. Anatanguliza mguu, anatulia aone kama udongo utamshika, ndipo anashuka."

Digna alirudi kwenye piano akaupiga tena. Mama yake akatikisa kichwa. Akaupiga mara ya pili, bado. Mara ya tatu, pale pa kushuka, mkono wa kushoto ulitulia kiasi kwamba Shedrack nusura aanguke na fimbo zake, kisha ukashuka. Bernadetha aliitikia kwa kichwa na kuomba mbege. Alikuja kila mwezi mpaka mwaka aliofariki, na kila mara alikuwa na jambo la kusahihisha.

Watu wanaposema leo kwamba Digna aliubadilisha muziki wa Moshi, huwa wanafikiria redio. Mimi nafikiria Jumatano. Kuanzia 2003 alikuwa akifunga cherehani saa tisa, anakwenda ukumbini kufundisha. Hakubagua. Walikuja wanakwaya, wanafunzi, vijana wa muziki wa kufokafoka kutoka Majengo na Pasua, na mwaka mmoja polisi mstaafu. Sheria ilikuwa moja: miezi sita mkono wa kushoto tu. Anayegusa upande wa kulia kabla ya wakati anaondolewa vidole taratibu, kama mtoto anayechezea sukari. Wengi waliondoka wakilalamika kwamba wanataka kujifunza wimbo, si kutembea. Digna hakuwafuata. Alisema muziki wa mlimani unaanzia kwenye miguu, na asiyetaka kutembea hana pa kufika.

Waliobaki walibaki kweli. Gladys, msichana wa Kibosho mwenye vidole virefu, alikaa miaka minane. Mwaka 2006, alipokuja paroko mpya, halmashauri ilituma ujumbe kwa heshima kwamba Digna anaombwa arudi kwenye kinanda. Alifurahi, nilimwona. Lakini hakurudi. Aliwapelekea Gladys, akawaambia kwamba kwa nyimbo za Misa binti huyu ni bora kuliko yeye, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wanaokwenda kanisani kule wanajua kinanda kinavyopigwa sasa: kwaya inapumua mahali pake, na wimbo wa mazishi hauharakishi mtu.

Mwingine ni Herieth. Mama yake alikuwa muuguzi, na Herieth mwenyewe alikuwa na masikio kama ya popo. Alikwenda Dar kujifunza kurekodi, akarudi 2009 na kompyuta na maneno mengi ya mjini, akafungua studio chumba kimoja huko Majengo, kuta zimepigiliwa magodoro. Mtu wa kwanza kumrekodi akawa mwalimu wake. Wimbo uliitwa "Barabara ya Kibosho", na ulihusu barabara yenyewe, mashimo yake na ahadi zake. Piano haikuweza kupita mlangoni, kwa hiyo Herieth alihamishia vyombo ukumbini, na siku tatu baadaye akatuita studio tusikilize.

Ulikuwa safi sana. Kila pigo lilikaa kwenye mstari wake. Digna alisikiliza wote, mikono mapajani.

"Ni nani huyu anayepiga?" aliuliza.

Herieth alicheka kidogo. "Ni wewe, mama. Nimeunyoosha tu na kompyuta, ulikuwa unachelewachelewa."

"Huyu ana haraka. Mimi sina. Nirudishie wangu."

Herieth alieleza kwamba redio hazitaupiga, kwamba watu watadhani ni makosa. Digna alimwambia waache wadhani. Basi Herieth akaurudisha kama ulivyopigwa, na kusema kweli alifanya hivyo kwa shingo upande. Redio ya mjini iliupiga Ijumaa moja mchana, na kufikia Jumatatu watu walikuwa wakiuomba kwa simu. Ulipigwa mwaka mzima. Dereva wa Canter mmoja aliandika jina la wimbo huo kwenye bampa.

Baada ya hapo kitu kilianza kutokea ambacho hatukukipanga. Vijana wa kufokafoka walikuja kwa Herieth wakitaka mdundo "unaosubiri". Wapiga ngoma wa arusini wakaacha kukimbizana. Kwenye mazoezi ya bendi nilizozijua na nisizozijua, nikaanza kusikia mtu akimwambia mwenzake, "Digna hapo," maana yake usiingie haraka, tulia kwanza, ndipo uweke. Limekuwa neno la kazi. Nimelisikia Arusha, na mwanafunzi wangu mmoja alinipigia simu kutoka Mwanza kuniambia amelisikia huko, kwa mtu asiyejua kwamba Digna ni jina la mtu. Na jambo jingine, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: nilipoanza muziki sikumjua mwanamke hata mmoja wa Moshi aliyepiga chombo jukwaani. Leo naweza kukutajia wanane kwenye piano pekee, na sita kati yao walianza Jumatano.

Aliwahi kuitwa na hoteli moja kubwa ya watalii nje ya mkoa. Alikwenda kwa miezi minne, akarudi. Alisema watu wa kule walikuwa wema, chakula kizuri na piano nzima, ila hakuna aliyekuwa akimsahihisha.

Mwaka 2017 ukumbi uliuzwa. Ebenezeri alikuwa ameshastaafu, na mwenye jengo mpya alitaka kuvunja ajenge maduka. Alitupa siku saba kuondoa piano, tena kwa lugha nzuri tu. Vijana wengi walidhani Digna ataomba nafasi mjini. Yeye alisema inapanda nyumbani Kibosho. Tuliifunga kwa mablanketi, tukaipandisha kwenye Canter, Shedrack akaketi nyuma ameikumbatia. Ilikuwa Aprili. Kilomita mbili kabla ya kufika, gari lilizama kwenye matope mpaka ekseli, likakataa mbele na nyuma.

Tulisimama tukiangalia mawingu. Halafu watu wakaanza kushuka kutoka vihambani, mmoja mmoja, na nguzo za mikaratusi na kamba. Wakatengeneza machela. Wanaume kumi na wanne waliinyanyua. Mmoja wao alikuwa yule mzee aliyesoma barua mwaka 2000. Alishika kona ya nyuma, upande wa vitufe vya besi, ambao ndio mzito, na hakuna aliyemkumbusha kitu. Digna alitangulia mbele akionyesha pa kukanyaga. "Tulieni," alikuwa akisema. "Sasa. Tulieni. Sasa." Ilichukua muda wa Misa mbili. Mvua iliwakuta wakiwa wameshaingia chini ya bati.

Iko kule mpaka leo, kwenye banda lililokuwa la kumenyea kahawa, juu ya sakafu ya saruji. Unyevu wa Kibosho si rafiki wa piano, kwa hiyo Shedrack ameweka balbu ndani inayowaka mchana na usiku kuikausha, na kila mvua zinapokwisha hupanda na spana yake kuikaza upya. Wanafunzi wanatoka mjini kwa bodaboda. Sasa ni wao wanaopanda, na Digna anasema imewafanya wapige vizuri zaidi.

Ana miaka sitini na mitano. Kiwiko cha kulia kinamsumbua asubuhi. Cha kushoto hakijawahi. Juni mwaka huu wanamuziki wa mjini walimwandalia siku yake, mchana kutwa, kwenye uwanja wa shule karibu na nyumbani kwake. Alikubali kwa sharti kwamba pasiwe na hotuba. Wapiga piano kumi na wanne walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, wa kwanza Gladys, wa mwisho msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Winfrida ambaye alifundishwa na Gladys na hakuwahi kukaa na Digna hata siku moja. Winfrida alipiga wimbo wake mwenyewe. Mahali fulani katikati alisimamisha mikono yote miwili, kwa muda mrefu kuliko yeyote kati yetu angethubutu, akaangalia mbele, kisha akaendelea. Digna alikuwa amekaa karibu nami. Alinikamata mkono.

"Huyo," alisema, "hilo mimi sijui."

Alikwenda nyuma ya jukwaa kumtafuta. Niliwaona wamesimama kando ya uzio, Digna akiuliza, binti akionyesha kwa vidole hewani, Digna akijaribu juu ya mbao za uzio. Wiki iliyofuata Winfrida aliingia kwenye bendi yetu. Tuna mwaliko wa Dar mwezi wa pili mwakani, kwenye tamasha lenye piano mbili jukwaani, na Digna ameshona nguo zetu sote, za kijani, kola ndefu kidogo kwa mtu wa umri wangu. Mazoezi ni kila siku saa nane. Jana alinirudisha mara sita kwenye mstari mmoja, na Winfrida akaongeza ya saba. Walikuwa sahihi wote wawili.